Maji tunaweka kwa tanki, mbona programu tusiweke?

Kuna kitu kila mtu wa Nairobi anajua bila kufunzwa: mfereji si wa kuaminika. Ndiyo maana ploti nyingi ziko na tanki juu, na nyumba nyingi ziko na mtungi kwa kona ya jikoni. Maji yakija Jumanne, unajaza. Yakipotea mpaka Ijumaa, unaoga tu kama kawaida. Hakuna mtu huitwa mshamba kwa sababu ameweka maji.

Sasa nielezeni, wasee. Mbona ikifika kwa programu tunaishi kama watu ambao mfereji wao haujawahi kukauka?

Chukua darasa la watu 30 wanaojifunza Python. Mwalimu anasema, "Wekeni pandas, NumPy na Jupyter, tukutane baada ya dakika kumi." Watu 30 wanawasha hotspoti. Watu 30 wanashusha faili zile zile, kutoka seva zile zile, wakiwa wameketi mita moja kutoka kwa mwenzao. Tuseme ni megabaiti 500 kwa kila mtu. Piga hesabu: hiyo ni gigabaiti 15 za bando zimelipiwa ili kitu cha nusu gigabaiti kiingie kwa chumba kimoja. Wiki ijayo mmoja akifomati laptopu yake, anaanza upya, na pesa yake.

Msimamo wangu ni huu na sitauzungusha: chuo, kozi, klabu ama habu yoyote inayofunza watu kompyuta bila kuweka akiba ya programu ndani ya nyumba yake inawachomea wanafunzi bando. Na wanaochomeka zaidi si wale wako na faiba nyumbani. Ni yule komredi amenunua gigabaiti moja ya wikendi, ikaisha ikiwa asilimia 83, na hakuna kitu kimeingia.

Kwanza, hizi vitu hutoka wapi?

Programu nyingi tunazotumia kujenga vitu haziji kama kitu kimoja. Zinakuja kama pakeji, vipande vidogo vidogo vinavyotegemeana. Ukiwa kwa Debian ama Ubuntu, unatumia apt. Ukiwa kwa Python, pip. Ukiwa kwa JavaScript, npm. Kila mojawapo iko na ghala lake kuu huko nje. Unaitisha pakeji moja, hiyo moja inasema "nahitaji hizi tano," hizo tano zinaitisha ndugu zao, na kabla ujue, ukurasa mmoja wa kwanza wa React umeleta folda ya mamia ya pakeji.

Na zingine ni nzito bana. Android Studio peke yake inapita gigabaiti 1 kabla hujaongeza simu ya kujaribia. PyTorch ya Linux ukiiweka hivi hivi bila kuchagua, inakuja na maktaba za kadi za NVIDIA, na jumla inapita gigabaiti 2. Hapo kuna msee ako na laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya NVIDIA, na ameshusha gigabaiti ambazo mashine yake haitawahi kutumia. Iko toleo la prosesa ya kawaida, ni dogo sana, lakini hakuna mtu alimwambia.

Kompyuta yako tayari inaweka akiba. apt-get huweka faili zake kwa /var/cache/apt/archives. pip iko na akiba yake, npm pia. Shida ni kwamba kila mashine inajiwekea yenyewe. Laptopu 30 ziko na mitungi 30 na hakuna anayeazima jirani.

Kioo na akiba si kitu kimoja

Dawa iko na iko bure, na iko ya aina mbili.

Ya kwanza ni kioo. Unachukua ghala lote, ama sehemu yake, na kuweka nakala kwa hadi diski yako. Chochote kilicho kule, kiko pia hapa, kama sura yako kwa kioo. Kuna programu kama apt-mirror na debmirror za kufanya hiyo kazi. Ni safi, lakini ni kubwa. Ghala lote la Debian, matoleo yote na aina zote za prosesa, ni terabaiti kadhaa. Ukichagua toleo moja na aina moja ya prosesa, unashuka mbali sana, na hadi diski ya kawaida inatosha. Ghala lote la Python usilijaribu, hilo ni la watu wenye chumba cha seva.

Ya pili ni akiba ya kati, na kwa maoni yangu hii ndiyo ya sisi watu wa kawaida. Unaweka mashine moja kwa waifai ya darasa, hata kama ni ile kompyuta nzee ya kona ambayo kila mtu anaikwepa. Unaweka apt-cacher-ng ndani. Mtu wa kwanza akiitisha pakeji, hiyo mashine inaenda kuileta ng'ambo na kubaki na nakala. Mtu wa pili mpaka wa 30 wanaichukua hapo hapo, kwa kasi ya rauta, bila kugusa bando. Hupangi mapema nani atahitaji nini. Akiba inajijaza yenyewe kulingana na vile watu wanatumia.

Kuiunganisha na mashine ya mwanafunzi ni mstari mmoja ndani ya faili moja, /etc/apt/apt.conf.d/01proxy:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Hiyo namba ya kwanza ni anwani ya kompyuta ya kona, 3142 ni mlango wa apt-cacher-ng. Basi.

Kwa npm kuna Verdaccio, inafanya kazi hiyo hiyo. Kwa Python hata huhitaji seva. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri anaandika:

pip download -r requirements.txt -d akiba

Anapata folda imejaa kila kitu. Anaiweka kwa flashi. Wengine wote, hata kama wako Marsabit na hakuna neti kabisa, wanaandika:

pip install --no-index --find-links=akiba -r requirements.txt

Na inaingia. Megabaiti sifuri. Chunga tu kitu kimoja: pakeji nyingi za Python hutengenezwa tofauti kwa Windows na Linux, na kwa kila toleo la Python. Kwa hivyo anayeshusha aulize kwanza wenzake wako na nini, asije akaleta flashi ya Linux kwa darasa la Windows.

Si ati ni wazo la wazungu

Kuna watu wataona hii kama mambo ya mainjinia. Enyewe tumekuwa tukifanya hivi toka kitambo. Kabla kila mtu aanze kustrimu, kila mtaa ulikuwa na ile duka ya muvi. Unaenda na flashi, unamwambia msee "nijazie hiyo series, msimu mzima," unalipa bei ndogo, unaenda kuangalia nyumbani bila kubafa. Huyo msee wa duka alikuwa nani? Alikuwa kioo. Alishusha mara moja, akagawia mtaa mzima.

Kule Cuba walifika mbali zaidi. Wako na kitu kinaitwa El Paquete Semanal, takriban terabaiti moja ya filamu, muziki, programu na tovuti, inayozungushwa kila wiki kwa hadi diski, mkono kwa mkono. Watu ambao intaneti ilikuwa ghali na adimu kwao walijijengea yao ya kutembea kwa miguu.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Msee wa muvi alikuwa anauza kazi ya watu bila ruhusa. Pakeji za Debian na nyingi za Python ama JavaScript ziko na leseni huria, zinazokuruhusu waziwazi kunakili na kugawa. Hapa hakuna kuiba. Ukimpa mwenzako flashi ya pakeji, umefanya kile waliozitengeneza walitaka ufanye.

Na kama unataka mfano wa Kenya wenyewe, angalia KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti hapa Nairobi. Kabla yake, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa nyingine, hapo hapo Nairobi, ingeweza kupitia ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Watoa huduma wakasema hii ni ujinga, tukutane hapa nyumbani. Wakaanzisha KIXP mwisho wa mwaka 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba inavunja haki yake ya kipekee, na mdhibiti akaifunga baada ya wiki mbili hivi. Ilirudi Februari 2002 na haijatoka tena. Somo lake ni lile lile: kitu kinachotumiwa na watu wa hapa hakina haja ya kulipiwa safari ya ng'ambo kila siku.

Siku mfereji unakauka

Mpaka hapa nimeongea kuhusu doh. Lakini kuna shida nyingine, ile ya mfereji kukauka kabisa.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikadorora hapa, Tanzania, Uganda na majirani wengine. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ile ya maandamano ya Mswada wa Fedha, neti ikadorora tena. Sijui wewe ulikuwa wapi, lakini kama kazi yako ilianza na npm install siku hizo, ulikuwa umekaa unaangalia mstari usiosonga.

Na si lazima waya ukatike. Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu, Azer Koçulu, alizozana na kampuni moja kuhusu jina la pakeji yake. Akakasirika, akaondoa pakeji zake zote kwa npm. Moja ilikuwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa kama Babel ilikuwa inaitegemea bila watu wengi kujua. Miradi kila pembe ya dunia ikakataa kujengeka mpaka npm wenyewe wakairudisha baada ya saa chache. Waliokuwa na nakala yao ndani ya nyumba waliendelea na kazi.

Kwa hivyo usifikiri akiba ni ya maskini. Makampuni makubwa yanaweka vioo vyao ndani, kwa sababu hayataki kazi yao isimame juu ya hasira ya mtu mmoja. Sisi ndio tunaihitaji zaidi na sisi ndio hatuna.

Najua mtaniambia nini

"Lakini data siku hizi ni rahisi." Kwa nani? Rahisi ni neno la mtu anayelipiwa waifai. Kwa mwanafunzi, gigabaiti 3 za kuweka vifaa vya somo moja zinashindana na nauli na chakula cha mchana. Na hata kama neti ingekuwa bure, waifai ya chumba ni moja. Ushawahi kuwa kwa hakathoni saa tatu asubuhi wakati watu 200 wanaweka programu kwa pamoja? Mpaka saa sita hakuna mtu ameandika chochote, na mashindano yanaisha saa kumi na moja.

"Je, mtu akiweka virusi kwa hiyo akiba?" Hili ni swali zuri, na jibu ni zuri kuliko watu wanavyodhani. Debian na Ubuntu hutia sahihi ya kidijitali kwa orodha ya pakeji zao, na orodha hiyo ina alama ya ukaguzi ya kila faili. Mashine yako inakagua sahihi hiyo hata kama faili imetoka kwa kompyuta ya kona. Mwenye akiba akibadilisha faili, apt inaikataa. npm nayo huandika alama ya kila pakeji kwa package-lock.json. pip iko na --require-hashes, lakini hiyo lazima uiwashe mwenyewe, na folda ya flashi bila ukaguzi huo ni kuaminiana tu. Kwa hivyo iwasheni.

"Pakeji zitazeeka." Hapa mko na pointi, na hii ndiyo hatari ya kweli. Maji ya tanki yasiyobadilishwa huota mwani. Mwisho wa Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalikuwa yamefichwa mlango wa nyuma makusudi. Yalikuwa yameshafika kwa Debian ya majaribio. Ghala kuu liliyaondoa haraka. Lakini fikiria kioo kilichojazwa wiki hiyo kisha kikasahaulika: kingeendelea kugawia watu sumu mwaka mzima. Kwa hivyo akiba bila mtu wa kuisafisha ni bora isiwepo. Iwe na jina la mtu na siku ya wiki. Usiku wa Jumapili, wakati hakuna anayetumia neti, inajisasisha. Huo si mzigo mkubwa. Ni kama zamu ya kuosha choo cha ploti, na tunaiweza.

Ninachotaka

Nataka tuache kuchukulia hii kama ujuzi wa ziada. Wiki ya kwanza ya kozi yoyote ya kompyuta, kabla ya "Hello World", mwanafunzi afunzwe pakeji hutoka wapi, zinakaa wapi kwa mashine yake, na vile anaweza kumpa mwenzake. Atakuwa ameelewa mtandao, sahihi za kidijitali na leseni huria kwa mpigo mmoja, kwa kitu anachokishika kwa mkono.

Nataka walimu na wanaopanga hakathoni wawe na sheria moja: usiambie watu waweke kitu ambacho hakiko tayari ndani ya chumba. Kama unalipisha ada ya maabara, akiba ni sehemu ya maabara, kama vile kiti na soketi.

Nataka serikali pia. Imeahidi kituo cha kidijitali kwa kila wadi, na Kenya iko na wadi 1,450. Sawa. Mkileta kompyuta na waifai, wekeni na hadi diski moja kwa kona yenye pakeji za kawaida. Ongezeni Kiwix, ile programu huria inayobeba Wikipedia nzima bila intaneti, na ambayo iko na nakala za maswali na majibu ya Stack Overflow pia. Mtoto wa Lodwar aingie na flashi tupu, atoke na kila kitu anachohitaji kujifunza mwezi mzima. Hiyo ni bei ya hadi diski, si bei ya mnara mpya.

Na nataka kitu kutoka kwako wewe unayesoma hii ukiwa na faiba kwa nyumba. Sasa hivi kuna mtu kwa grupu yenu ya WhatsApp ya darasa anaogopa kusema hajafanya zoezi kwa sababu bando iliisha. Hatasema. Atasema laptopu ilizima, ama alikuwa mgonjwa. Baada ya mara tatu ataacha kuja, na mtasema koding ilimshinda.

Wikendi hii shusha pakeji za somo lenu, weka kwa flashi pamoja na faili ya maelezo ya mistari mitano, na Jumatatu uiweke kwa meza bila kuuliza nani anahitaji. Uone itazunguka mara ngapi kabla ya kukurudia.

Ukishaifanya, niambie kwa komenti mlianza na pakeji gani na nani amepewa zamu ya Jumapili.